Kabla hamjakabidhi visiwa mali ya serikali: barua ya wazi kwa Washington, Majuro, Palikir, Ngerulmud na Saipan

Kwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Marekani,
Kwa wabunge wa Marekani mnaosimamia masuala ya visiwa,
Na kwa viongozi wa Visiwa vya Marshall, Shirikisho la Mikronesia, Palau na Mariana ya Kaskazini.

Waheshimiwa,

Mimi ni afisa ugavi mstaafu wa serikali. Maisha yangu ya kazi yamepita bohari, sehemu kubwa visiwani, nikipokea mali, nikiitunza, nikiihesabu kila mwisho wa mwaka wa fedha, na ilipochakaa nikiandaa orodha ya kuifuta kwenye leja na kuipeleka mnadani. Nimepokea magari, boti, jenereta na vitanda vya hospitali vilivyotoka makao makuu kwa sababu huko havikuhitajika tena. Najua mali ya namna hiyo inavyofika. Imepakwa rangi upya, hotuba inasomwa, hati ya makabidhiano inasainiwa juu ya boneti la gari, na wiki ya pili fundi anakuja kuniambia kwamba pampu ya injini ile ni ya aina isiyotengenezwa tena.

Ombi langu kwenu ni moja na nalitaja mapema. Kila mali ya serikali inayokabidhiwa kwa visiwa vilivyopata utawala wao ihakikiwe kwanza na pande zote mbili, na chochote kitakachoonekana kibovu, chenye sumu au kisichoweza kutunzwa na mpokeaji kibaki kuwa jukumu la anayekabidhi. Mengine yote nitakayoandika ni kueleza kwa nini hili bado halijafanyika ipasavyo, na nani analipa gharama yake.

Mtauliza Mtanzania anahusikaje na Pasifiki. Bendera ya Mjerumani iliyopandishwa pwani yetu miaka ya 1880 ilipandishwa Visiwa vya Marshall miaka hiyohiyo, na mwaka 1899 Ujerumani ikanunua Visiwa vya Caroline na Mariana kutoka Hispania kwa peseta milioni 25, ardhi pamoja na wenyewe waliokuwa wakiishi juu yake. Sisi tulikuwa na Majimaji. Watu wa Pohnpei, kisiwa kimojawapo cha Caroline, walikuwa na uasi wa Sokehs wa 1910 na 1911, viongozi wao wakapigwa risasi, na mamia ya watu wao wakahamishiwa Palau. Mjerumani aliposhindwa vita, sisi tuliwekwa chini ya Mwingereza na wao chini ya Mjapani, kwa utaratibu uleule wa Shirikisho la Mataifa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Umoja wa Mataifa ulikuwa na nchi 11 za udhamini, yaani nchi zilizowekwa chini ya uangalizi wa taifa jingine hadi zijitawale. Tanganyika ilikuwa mojawapo, Ruanda-Urundi nyingine, na visiwa vile vya Pasifiki, zaidi ya 2,000, vikawekwa mikononi mwa Marekani mwaka 1947. Mwaka 1954 watu wa Marshall walipeleka ombi Umoja wa Mataifa kutaka majaribio ya mabomu kwao yasitishwe. Mwaka uliofuata, Julius Nyerere alisafiri kwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini kuhusu Tanganyika. Sisi tulipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Palau, ya mwisho kabisa katika zile 11, ilisubiri hadi tarehe 1 Oktoba 1994. Kwa hiyo nikisoma habari za visiwa hivyo, nasoma habari za watu tuliokaa nao kwenye benchi moja mbele ya wakubwa walewale.

Kuna jambo moja la kazi yetu ambalo nalieleza kwa faida ya wasomaji wasiowahi kushika leja. Mali ya serikali ikivuka kutoka ofisi moja kwenda nyingine, vitu vitatu huvuka pamoja: kitu chenyewe, thamani yake, na wajibu wake. Jenereta ikivuka, mafuta yake yanavuka, vipuri vyake vinavuka, na siku itakapokufa, maziko yake nayo yamevuka. Ndiyo maana mpokeaji makini hasaini haraka. Anazunguka kitu, anafungua, anawasha, anauliza daftari la matengenezo, na akiona kasoro anaiandika kwenye hati kabla ya sahihi yake. Akisaini bila kuandika, kasoro ni yake. Sheria hii ipo katika kila bohari ninayoijua, na ni ya haki ikiwa mpokeaji amepewa nafasi ya kuangalia na uwezo wa kukataa. Visiwa mnavyovisimamia, waheshimiwa, mara nyingi havikupewa hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Pasifiki imejaa mifano ya mali ya ziada, mizuri na mibaya. Vita vilipokwisha, jeshi la Marekani liliacha Guadalcanal uwanja wa ndege, barabara na mabanda ya mabati ya nusu mviringo. Waingereza waliokuwa wakitawala Visiwa vya Solomon waliacha mji mkuu wao wa zamani, Tulagi, ulioharibiwa vitani, wakahamia kwenye mabanda hayo. Hapo ndipo ulipozaliwa mji wa Honiara, na uwanja ule wa vita ndio uwanja wa kimataifa wa nchi hiyo hadi leo. Saipan pia ina mfano wake. Majengo ya Capitol Hill yalijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya shughuli za siri za shirika la ujasusi la Marekani. Mwaka 1962 yakawa makao makuu ya utawala wa Udhamini, na Mariana ya Kaskazini ilipoanza kujitawala mwaka 1978, serikali yake ikapata mahali pa kukaa. Hizi ni makabidhiano zilizofaa watu, nami nazisifu bila kusita.

Lakini kwenye kisiwa cha Espiritu Santo, katika nchi tunayoiita leo Vanuatu, mambo yalikwenda vingine. Wamarekani walitaka kuwauzia Waingereza na Wafaransa waliokuwa wakitawala pamoja vifaa vilivyobaki kambini: matingatinga, malori, kreni. Watawala hawakununua. Vifaa vikaendeshwa hadi baharini na kuzamishwa karibu na Luganville, mahali ambapo leo watalii wanapiga mbizi kutazama vyuma. Wenyeji hawakuulizwa. Matingatinga yale yangeweza kulima barabara ya kwenda kwenye mashamba yao. Kila nikikumbuka habari hiyo moyo unaniuma, kwa sababu nimefanya kazi mahali ambapo tingatinga moja zima lingebadilisha maisha ya tarafa nzima.

Sasa nije Tanapag, na hapa nawaomba mnivumilie, maana kisa hiki kinahusu mali ya ziada hasa.

Tanapag ni kijiji cha Saipan. Miaka ya 1960 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikuwa na mitambo ya rada Kwajalein, katika Visiwa vya Marshall, kwa ajili ya majaribio ya makombora. Mitambo ile ilitumia kapasita kubwa, yaani vifaa vya kuhifadhi umeme, zilizojazwa mafuta yenye kemikali za sumu ziitwazo PCB. Kazi ya mitambo ilipokwisha, baadhi ya kapasita zilifika Saipan. Kwa macho ya mtu wa kawaida zilikuwa vitu vizito, imara, visivyooza, navyo watu wa visiwani hawatupi kitu imara. Kijijini zikatumika kama alama za mipaka, kama vizuizi barabarani, hadi makaburini. Miaka ikapita. Ilikuwa 1988 ndipo mamlaka ya mazingira ya Marekani ilipopata habari kwamba PCB ziko kijijini. Kemikali hizo hukaa kwenye udongo muda mrefu sana na hupanda kutoka udongo hadi kwenye chakula. Jeshi likaanza kuchimba na kusafisha udongo, kazi iliyochukua miaka mingi, nao watu wa Tanapag wakabaki wanajiuliza walikula nini na watoto wao walicheza juu ya nini kwa zaidi ya miaka 20.

Najiweka mahali pa mtunza bohari wa Saipan wa wakati ule. Simlaumu. Angejuaje? Lebo kwenye mtambo wa kijeshi ingemwambia uzito na nguvu ya umeme. Aliyekuwa akijua kilichomo ndani ni mwenye mali. Kwake ndiko ulikokuwa wajibu wa kuandika kwenye hati, kwa lugha ambayo mwanakijiji angeelewa: ndani yake kuna sumu, usifungue, usikate, usiweke karibu na watu, kikiharibika tuiteni tuje tukichukue. Sentensi hiyo moja ingeokoa kijiji. Ni sentensi ambayo sheria yenu inapaswa kuilazimisha leo, kwa kila kifaa kinachotoka kambi yoyote ya jeshi kwenda kwa raia wa visiwa, iwe ni betri, transfoma, tangi la mafuta au jokofu.

Kisha kuna Runit.

Kati ya 1946 na 1958 Marekani ilifanya majaribio 67 ya nyuklia Bikini na Enewetak. Watu wa Enewetak walikuwa wamehamishiwa Ujelang tangu Desemba 1947. Kati ya 1977 na 1980 askari wa Marekani wapatao 4,000 walipelekwa kukwangua udongo uliochafuliwa na kukusanya mabaki. Walivichanganya na saruji na kuvimwaga ndani ya shimo lililoachwa na bomu la Mei 1958 katika kisiwa cha Runit, wakafunika kwa kuba la vipande 358 vya zege, unene wake sentimita 46 hivi. Chini ya shimo hawakuweka kitu, na maji ya bahari yanapanda na kushuka humo pamoja na bamvua. Ndani yake kuna plutoniamu, ambayo nusu yake tu ndiyo itakayokuwa imekwisha baada ya miaka 24,000. Mwaka 1980 watu wa Enewetak wakarudishiwa kwao, na kuba likiwemo.

Mkataba wa Ushirika Huru, ulioipa Marshall kujitawala huku ikibaki na uhusiano maalumu na Marekani, ulipoanza kutumika mwaka 1986, madai yote ya nyuklia yalifungwa kwa fungu la dola milioni 150, na serikali changa ya Marshall ikachukua jukumu la kusimamia matumizi ya maeneo yaliyoathirika. Tangu hapo msimamo wa Marekani umekuwa kwamba kuba liko katika ardhi ya Marshall, hivyo ni la Marshall. Baraza la madai ya nyuklia lililoundwa chini ya mkataba huohuo liliamua watu walipwe zaidi ya dola bilioni mbili. Fedha za kulipa hazikuwepo. Mwaka 2000 serikali ya Marshall ililipelekea Bunge la Marekani ombi, ikisema madhara yalikuwa makubwa kuliko yalivyojulikana wakati wa kusaini. Serikali ya Marekani haikulikubali.

Waheshimiwa, nimesoma habari hii mara nyingi, na kila mara naisoma kwa jicho la mtu wa bohari. Mpokeaji alisaini kwa kitu ambacho hakukijenga na hakuwa na vipimo vya kukipima. Hakuwa na wataalamu wa mionzi. Nyaraka nyingi za majaribio bado zilikuwa siri za aliyekuwa akimkabidhi. Na alikuwa akisaini pamoja na uhuru wake katika karatasi moja, jambo ambalo mtu anayetaka kujitawala hawezi kulikataa. Katika bohari yoyote duniani, hati ya namna hiyo ingerudishwa. Mkaguzi angesema: aliyekabidhi alikuwa na taarifa, aliyepokea hakuwa nazo, makabidhiano haya hayajakamilika.

Nakiri kuna hatua mlizochukua. Sheria mliyoipitisha mwaka 2012 iliitaka Wizara ya Nishati ilikague kuba na kufuatilia maji ya chini yake, na taarifa yake ya mwaka 2020 ilisema halimo katika hatari ya kubomoka hivi karibuni. Sina ujuzi wa kubishana na wahandisi. Ninachouliza ni swali la leja: siku likibomoka, baada ya miaka 10 au 200, liko kwenye daftari la nani? Nchi yote ya Visiwa vya Marshall ina kilomita za mraba 181 za ardhi, haifiki nusu ya kisiwa chetu cha Mafia, na sensa ya 2021 ilihesabu watu wapatao 42,000. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo iko mita mbili tu juu ya bahari, na bahari inapanda. Mnataka watu hao ndio watafute meli, saruji na wataalamu?

Naliomba Bunge la Marekani liandike katika sheria, kwa maneno ya wazi, kwamba kuba la Runit na vyote vilivyomo ni mali ya Marekani na jukumu la Marekani, popote lilipo na kwa muda wote litakaokuwepo. Hilo halihitaji utafiti mwingine.

Upande wa pili wa jambo hili ni mali ambayo haijawahi kuitwa ya ziada. Mariana ya Kaskazini ilipoingia katika ushirika na Marekani, takriban theluthi mbili ya kisiwa cha Tinian ilikodishwa kwa jeshi la Marekani. Mkataba wa 1983 ni wa miaka 50, na unaweza kuongezwa mingine 50, na makubaliano ya ushirika yalitaja malipo yake, pamoja na ya vipande vingine viwili vya ardhi, kuwa dola milioni 19.5 hivi kwa jumla. Humo ndimo uliko uwanja ambao ndege zilizobeba mabomu ya atomiki ya Agosti 1945 ziliruka kutoka. Kwajalein nako kumekodishwa hadi 2066, huku maelfu ya watu wakibanana Ebeye, kisiwa cha ekari 80 tu, ambako wafanyakazi wanavuka kwa feri kwenda kazini kambini na kurudi jioni. Sipingi kwamba nchi inaweza kukodisha ardhi yake. Ninasema tu kwamba anayegawa ndiye aliyeamua peke yake kipi anakihitaji na kipi hakihitaji, na wenyeji wakapewa kilichobaki. Kwa hiyo katika mazungumzo yajayo, orodha ianzie kwa wenyeji. Waulizwe ni ardhi ipi, gati ipi, uwanja upi wanauhitaji ili waishi, kisha jeshi lieleze kwa maandishi kwa nini haliwezi kuuachia. Desemba 1974 Wizara yenu ya Mambo ya Ndani ilitoa amri ya kurudisha ardhi za umma kwa wilaya za visiwa, ardhi ambazo nyingi Mjapani alizichukua kutoka kwa koo. Mliweza kufanya hivyo hata kabla udhamini haujakwisha, basi mnaweza sasa.

Niseme kidogo kuhusu mashine, maana huko ndiko nilikomalizia nguvu zangu. Chumvi ya bahari inakula chuma usiku na mchana. Gari linalodumu miaka 15 bara, kisiwani linafika saba ukiwa mwangalifu. Majuro iko zaidi ya kilomita 3,500 kutoka Honolulu, na kipuri cha dola 40 kinaweza kusababisha mji ukae gizani kikisubiri meli. Mwaka 1976 na miaka iliyofuata mlijenga kwa haraka viwanja vya ndege, magati, mifumo ya maji taka na vituo vya umeme ili muwaachie visiwa miundombinu. Ilikuwa nia njema. Lakini kujenga ni rahisi kuliko kutunza, na visiwa vilianza kujitawala vikiwa na mitambo mikubwa, mafundi wachache na bajeti ya matengenezo isiyotosha. Palau iliingia katika shimo la aina nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikiwa na watu elfu kumi na mbili hivi tu, iliagiza kituo cha umeme cha megawati 16 kwa mkopo uliozidi dola milioni 30. Haikuweza kulipa, na benki zikaipeleka mahakamani New York kabla hata haijawa nchi huru. Kituo kile hakikuwa mali ya ziada ya serikali yenu, nalijua hilo. Nakitaja kwa sababu mtambo mkubwa kuliko kisiwa ni mzigo uleule, uwe umeununua au umepewa bure.

Mpango wenu wa kusaidia matengenezo, ulio chini ya Ofisi ya Masuala ya Visiwa, ni mojawapo ya mambo bora mliyoyafanya. Nawasihi muukuze. Na kila kifaa mnachokitoa kiende na vipuri vya miaka mitano, vitabu vya maelekezo, nauli ya meli iliyolipwa, na fundi mmoja wa kisiwani aliyefunzwa kukifungua na kukifunga. Kifaa kikifika mwisho wa maisha yake, kirudi kwenu. Katika atoli, yaani pete nyembamba ya visiwa vya matumbawe, hakuna mahali pa kutupa lori. Upande mmoja kuna ziwa la ndani ambamo watu wanavua, upande wa pili kuna bahari, na katikati, mahali pengi, huwezi kupata hata mita mia tano za ardhi. Meli inayopeleka mali irudi na chakavu.

Pia karatasi. Nyaraka za utawala ni mali ya serikali sawa na majengo, na mara nyingi zina thamani kuliko majengo. Ramani za mashamba, mafaili ya ardhi, michoro ya mabomba yaliyozikwa, rekodi za hospitali za watu waliokuwa karibu na majaribio, vyote hivyo vilitakiwa vikabidhiwe kwa orodha. Nakala za filamu za kumbukumbu za utawala wa Udhamini zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Hawaii, na hilo ni jema kwa watafiti. Lakini mwenye ardhi wa Chuuk au Yap, katika Shirikisho la Mikronesia, anapaswa kuifikia karatasi ya babu yake akiwa kwao, bila kupanda ndege. Zilipieni nakala zisafishwe, zipangwe, zipelekwe katika kila mji mkuu.

Sisi wa Afrika Mashariki tumewahi kuonja kugawana mali bila kuhakiki mapema. Jumuiya yetu ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilishika kilichokuwa ndani ya mipaka yake siku ile: ndege, mabehewa, meli, majengo. Ilichukua miaka saba, na subira kubwa ya msuluhishi Victor Umbricht kutoka Uswisi, hadi makubaliano ya Mei 1984 yaliyogawa mali na madeni: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Hata baada ya hapo, wastaafu wa Jumuiya waliendelea kudai mafao yao kwa miaka mingi, na wengine walizikwa wakidai. Nawaeleza haya kwa sababu naona jambo lilelile likikaribia kwingine. Bougainville ilipiga kura mwaka 2019, na karibu asilimia 98 walichagua kujitenga na Papua New Guinea. Huko kuna mgodi wa Panguna, uliofungwa tangu 1989, na mito iliyochafuliwa na mabaki yake. Siku ya makabidhiano itakapofika, mtu ataandika orodha. Ninyi wa Washington mna historia ya kuwaonyesha namna ya kuandika na namna ya kutoandika, mkiwa tayari kuisema kwa ukweli.

Kwenu viongozi wa visiwa, nawaandikia kama ndugu. Najua ugumu wa kukataa kitu cha bure mbele ya wananchi wanaosubiri gari la wagonjwa. Lakini undeni kamati ndogo ya uhakiki katika kila serikali: mhandisi, daktari au mtaalamu wa mazingira, mtunza bohari, na mwakilishi wa wazee wenye ardhi. Ipeni mamlaka ya kusema hapana bila waziri yeyote kuibatilisha. Chapisheni kila hati ya makabidhiano ili mwananchi aione, ijulikane nani alipokea nini, lini na katika hali gani. Hati zilizofungiwa kabatini ndizo zinazogeuza boti ya umma kuwa boti ya mkubwa. Nimeyaona hayo, na kwenu hamna kinga nayo kuliko sisi.

Mwezi Machi 2024 Marekani ilitunga sheria ya kuendeleza mikataba na Marshall, Mikronesia na Palau kwa miaka 20 mingine, kwa gharama ya dola bilioni 7.1. Ni fedha nyingi, na ninawashukuru wabunge waliozipigania. Zitajenga shule, zitanunua mashine, na bila shaka zitaambatana na vifaa vilivyotoka kambini na maofisini. Kwa hiyo wakati wa kuandika kanuni ni huu, kabla makontena hayajafungwa.

Naombeni mfanye mambo haya ndani ya mwaka mmoja. Waziri wa Mambo ya Ndani aamuru uhakiki wa pamoja wa kila mali kubwa iliyokabidhiwa visiwa tangu 1974, kuanzia na zile zilizotoka jeshini, na matokeo yachapishwe kwa Kiingereza na kwa lugha za visiwa vyenyewe. Wizara ya Ulinzi itoe orodha ya vifaa vyote vyenye kemikali hatari vilivyowahi kutoka Kwajalein na kambi nyingine kwenda kwa raia, hata kama vimekwisha kuoza, ili wenyeji wajue wapi pa kutochimba. Bunge la Marekani lipitishe kifungu cha Runit nilichokieleza. Na hati mpya ya makabidhiano, itakayotumika kuanzia sasa, iwe na sehemu tatu ambazo mwenye mali lazima azijaze na kuzisaini kabla ya mpokeaji: kitu hiki kina nini ndani, kitagharimu kiasi gani kwa mwaka kukitunza, na nani atakuja kukichukua kikifa.

Niko tayari kuandaa mfano wa hati hiyo, bila malipo, na kumtumia yeyote kati yenu atakayeuomba.

Wenu katika utumishi wa umma,

Afisa ugavi mstaafu,
Kilindoni, Mafia, Tanzania